Buibui la Alhamisi

Kitu cha kwanza kilichonitia shaka ni leso.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa juu ya nyumba naanika nguo kwenye kamba, simu ikalia mfukoni mwa dera. Mwalimu mkuu wa shule ya mjukuu wangu, Mwalimu Dzoro, alikuwa na sauti ya upole kuliko siku zote.

"Nyanya, usishtuke. Hanin ameteleza kidogo hapa nje ya lango, wakati wa kwenda nyumbani. Njoo umchukue."

Kutoka kwetu Mji wa Kale hadi shuleni, huku Makadara, ni mwendo wa kumaliza Yasini moja ukiisoma bila haraka. Siku hiyo niliikata katikati. Nikamkuta Hanin kwenye benchi la ofisi, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa leso ambayo si yake wala si yangu. Leso ilikuwa na doa la damu kubwa kama ndimu, limekauka na kugeuka rangi ya kahawia. Upindo wake ulikuwa na uji ulioshika ukawa mgumu kama wanga.

Mie nimefua nguo miaka hamsini. Damu ya robo saa naijua, na damu ya tangu asubuhi naijua.

"Nani kamfunga?" nikauliza.

"Ah, sisi tu hapa," akasema Mwalimu Dzoro. "Huduma ya kwanza."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi, nyanya. Sasa hivi."

Na Hanin hakulia. Hilo nalo nililiona. Mtoto wa miaka kumi aliyeanguka sasa hivi, akimwona bibi yake, hupasuka kilio hata kama alikuwa amejikaza. Huyu alikuwa amemaliza kulia zamani. Macho yamevimba, midomo imekauka, ananitazama kama mtu mzima aliyechoka.

Nyuma ya mlango alisimama Mwalimu Trizah, mwalimu wake wa darasa, msichana mwembamba hata miaka thelathini hajafika. Ameushika mkoba wa Hanin kwa mikono miwili na macho yake yako sakafuni. Nikamwambia "masalkheri," akaitika kwa sauti isiyotoka. Basi nikamwandika moyoni. Nikasema, huyu ndiye.

Hospitali, daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono laini. Alimfungua ile leso, akamgusa vidole kimoja kimoja, akakunja uso.

"Ulianguka saa ngapi, mrembo?"

"Saa kumi," akasema Hanin.

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakwenda saa kumi na moja. Akanivuta pembeni.

"Bibi, kiwiko kimevunjika, na damu haifiki vidoleni sawasawa. Vidole vina baridi. Uvimbe huu haukui kwa saa moja. Mkono wa namna hii ukicheleweshwa, vidole hulemaa. Nahitaji saa ya kweli."

Nikarudi kwa Hanin, nikapiga magoti nikawa sawa na uso wake. "Mwanangu, mwambie daktari. Hakuna atakayekugombeza."

Akautazama ukuta. "Saa kumi. Nje ya lango. Nilikwaa."

Alisema vile watoto wanavyosema kitu walichopewa kuhifadhi. Mie nawajua, nimewasikiliza wangapi wakidurusu sura zao barazani. Aliyefahamu huweka pumzi mahali pake. Aliyekaririshwa huenda moja kwa moja mpaka mwisho, asije akasahau.

Walimpasua jioni ile, wakamtia vyuma viwili. Ijumaa asubuhi daktari akamwambia achezeshe vidole. Vitatu vikacheza. Cha gumba na cha shahada vikakataa kukunjika. Daktari akasema ni mshipa wa fahamu uliobanwa. Huenda ukaamka baada ya miezi, na huenda usiamke, mambo hayo ni ya kungoja.

Mie kazi yangu ni kushona kofia za mkono. Kofia moja yanichukua miezi miwili, tobo kwa tobo. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na kila jioni ni Hanin aliyekuwa akinitungia uzi, kwa vidole hivyo hivyo viwili. Mama yake yuko Maskati, anafanya kazi kwa watu. Kulala, kula, kusoma, kuugua, Hanin yuko mikononi mwangu. Nikakaa karibu na kitanda nikijiuliza: nani amemfundisha huyu mtoto kunidanganya?

Jumapili tulikuwa tumesharudi nyumbani, wakaja kutuzuru. Mwalimu Dzoro mbele, na mkungu mdogo wa ndizi. Mwalimu Trizah nyuma, na pakiti ya juisi. Nikawakaribisha, nikawatilia chai ya tangawizi. Mwalimu Dzoro akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekalia pasi.

"Pole sana, nyanya. Watoto hawa, unawaambia wasikimbie, wanakimbia."

"Ndivyo walivyo," nikasema.

"Sasa kuna fomu moja ndogo. Wiki hii wakaguzi wa elimu wanakuja, na mafaili yetu lazima yawe sawa. Ukija Jumanne utatia sahihi, basi, limekwisha."

"Niletee hapa niisome."

"Haitoki ofisini, nyanya. Lakini usijali. Tumeiandika kwa Kiswahili makusudi, si Kiingereza, ili usipate taabu. Na kama kalamu ni shida, dole gumba latosha."

Aliposema dole gumba nikautazama mkono wa Hanin juu ya mto. Mwalimu Dzoro naye akautazama, halafu akainywa chai yake moto moto mpaka akaungua.

Wakati wa kuondoka, Mwalimu Trizah aliinama, akamnong'oneza Hanin kitu sikioni. Hanin akatikisa kichwa kukataa. Akamnong'oneza tena. Hanin akageuka upande wa ukuta. Nikasema, huyo, anaufunga uongo wake fundo la pili. Niliwasindikiza hadi ngazini. Nafsi iliniambia nimshike mkono pale pale. Nikaizuia. Mie si mtu wa haraka, na shaka ukiitoa kinywani mapema, yule unayemshuku hupata nafasi ya kujipanga.

Jumatatu nikairudisha leso. Kwetu leso ya mtu hairudi kama ilivyokuja. Niliifua mara mbili, nikaipiga pasi, nikaifukiza udi, nikafungia ndani yake mahamri sita. Sikuwa nimeambiwa ni ya nani, lakini uji ulishaniambia. Shule nzima anayeshika uji ni mmoja, Kanze, mpishi.

Nikaingilia mlango wa jikoni, ule wa kando. Ile shule ni nyumba ya zamani ya ghorofa, ina ua katikati na ngazi ya mbao inayopanda madarasani. Pale ngazini nikamwona fundi amechutama na brashi, anapaka vanishi. Ubao wa kushikilia ulikuwa mpya kutoka chini hadi juu, unang'aa. Ule wa zamani umelazwa uani, umekatika vipande viwili, na kwenye kipande kimoja kamba ya plastiki ya buluu bado imefungwa.

Nikasimama nikautazama ule ubao wenye kamba. Mtoto ameteleza nje ya lango, na fundi anatengeneza ngazi ya ndani.

Kanze alifurahi kuiona leso yake. "Bi Mwanabaraka! Mbona umeifanya mpya? Sasa nitaogopa kuifungia kiunoni."

"Ifunge tu, ni yako. Ulimfunga vizuri mjukuu wangu. Daktari alisema aliyemfunga anajua."

"Kwetu Ganze ng'ombe akivunjika mguu pia twafunga," akacheka kidogo, halafu kicheko kikafa.

"Ulimfunga saa ngapi, Kanze?"

Akautazama mlango wa ofisi upande wa pili wa ua. "Mimi nina watoto wanne, bibi."

"Sikuulizi mbele ya watu. Nakuuliza hapa, mbele ya sufuria."

Akashika mwiko. Akakoroga, akalisemesha sufuria, si mimi. "Uji wa saa nne ulikuwa bado wa moto. Niliposikia kile kishindo kikombe kilinitoka mkononi, ukanimwagikia wote hapa."

"Na tangu saa nne hadi saa kumi?"

"Alilazwa kwenye benchi la ofisi. Ati labda ameteguka tu, ati tungoje uvimbe ushuke. Akasema ana kiu. Nikampelekea maji mara tatu."

Saa sita nzima. Ule wakati mie nilikuwa nyumbani nafua, naimba.

"Kwa nini hamkunipigia?"

"Simu si yangu, bibi. Naomba usinitaje."

"Sitakutaja," nikamwambia. Na hata sasa, hili jina la Kanze nililoliandika hapa si lake.

Jioni ile nikamngoja Alawiya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, pale chini ya nyumba yao. Alawiya ni karani wa wakili mmoja, huandika kesi za watu mchana kutwa. Akaniona nimekaa barazani kwao, akaweka mkono kifuani.

"Bi Mwana! Umekuja kunishtaki?"

"Bado. Kaa hapa."

Nikamweleza yote, ila nikaruka jina la mpishi. Alisikiliza huku anavua viatu, akisugua nyayo.

"Sasa nifahamishe," nikasema. "Langoni na ngazini tofauti yake nini? Mkono si ule ule?"

"Tofauti ni lile lango lenyewe. Mtoto akishaingia asubuhi, mwalimu ndiye mama, ndiye baba, ndiye wewe. Ngazi mbovu ni juu yake. Mtoto akiumia, kumkimbiza hospitali ni juu yake. Kukupigia simu ni juu yake. Akishatoka jioni watasema amerudi kwenu. Ndiyo maana wataka atoke kwanza, halafu ndipo aanguke."

"Lakini hakuna mwalimu aliyekusudia kumvunja mkono."

"Wala hakuna anayesema alikusudia. Hapo ndipo walimu wengi wanapopotea, Bi Mwana. Wanadhani wakiwa na roho nzuri basi wako salama. Sheria haiulizi roho. Yauliza: ulijua ngazi ni mbovu? Ulipojua ulifanya nini? Na mtoto alipoanguka, ulifanya lile ambalo mwalimu yeyote mwenye akili zake angelifanya? Wengine hulisikia hili mara ya kwanza wamesimama mbele ya hakimu."

"Na hiyo fomu?"

"Ukiitia sahihi umesema wewe mwenyewe kwa mkono wako kwamba kosa ni la Hanin. Hata vidole visipoamka maisha, itakuwa alijilemaza mwenyewe." Akaichukua simu yangu ya vitufe, akaifungua. "Nikuonyeshe kitu. Alhamisi shule ilikupigia mara moja tu. Saa kumi na dakika kumi na mbili. Usifute."

"Mie hata kufuta sijui."

"Vizuri. Na hiyo fomu usiguse kalamu mpaka umeisoma yote."

"Husoma polepole mie."

"Basi soma polepole," akasema Alawiya, na mara ya kwanza siku hiyo tukacheka.

Jumanne asubuhi nilikuwa namchana Hanin nywele, maana mwenyewe hawezi kusuka kwa mkono mmoja. Akauliza bila kugeuka:

"Bibi, mtu akisema uongo ili mwengine asifukuzwe kazi, anaandikiwa dhambi?"

Nikaendelea kuchana. "Nani atafukuzwa?"

Akainamisha kichwa, kitana kikavutika.

"Kichwa chako kizito leo, Hanin. Kina mtu ndani yake?"

"Mwalimu Trizah," akasema. "Mwalimu mkuu alisema nikisema ngazini, Mwalimu Trizah ataondoka siku ile ile, kwa sababu zamu ilikuwa yake. Ati itakuwa mimi nimemfukuzisha."

"Na Jumapili alikunong'oneza nini?"

"Kasema nisidanganye kwa ajili yake. Kasema mara mbili. Lakini mimi nampenda, bibi."

Kitana kikasimama nyweleni. Siku tano nimemwandika yule msichana moyoni kwa wino mzito. Hata hivyo sikumfuta palepale. Nilisema labda ni mjanja, labda alinena hivyo ajisafishe. Shaka ikishaingia haitoki kwa neno moja.

Nikavaa buibui langu, nikatia kofia ninayoishona kwenye kikapu, nikaenda.

Ofisini walikuwa wawili, Mwalimu Dzoro mezani na Mwalimu Trizah kwenye kiti cha pembeni kama shahidi. Fomu ilikuwa tayari, na kalamu juu yake, na kidau cha wino wa dole gumba kimeshafunguliwa. Nikavaa miwani. Nikaweka kidole kwenye neno la kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Mi-mi, mle-zi wa mwa-na-fu-nzi..."

"Nyanya, nikusomee? Itakuwa haraka."

"La, mwanangu. Hanin yuko gredi ya nne, mie niliachia darasa la nne. Tumelingana. Ukinisomea utaniacha nyuma yake."

Akatabasamu bila meno. Nikaendelea. Fomu ilisema hivi: kwamba siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika tano jioni, masomo yakiwa yamekwisha, mwanafunzi akiwa nje ya lango akielekea madrasa, alikwaa buibui lake la madrasa akaanguka, kwa kukaidi agizo la walimu la kutokimbia. Kwamba mlezi alipigiwa simu mara tatu bila kupokea. Kwamba shule haina lawama, sasa wala baadaye.

Nilipofika mwisho nikarudi katikati, nikaweka kidole.

"Hapa. Hili buibui lilikuwa la namna gani?"

"Jeusi, nyanya. Yote si meusi?"

"Ulimwona nalo?"

"Nilimwona kwa macho yangu haya. Wanapita hapo dirishani kila siku saa kumi, wamevaa mabuibui yao, mikoba mgongoni."

"Na Alhamisi alipita nalo?"

"Alhamisi alipita nalo."

Mwalimu Trizah akainua macho. Mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mwalimu," nikasema, "chuo chetu, hiyo madrasa, hakisomeshi Alhamisi wala Ijumaa. Tangu mie mdogo hivi. Alhamisi watoto hurudi nyumbani na sare zao za shule, na ndiyo siku nifuayo buibui la Hanin. Uliponipigia simu saa kumi na dakika kumi na mbili, hilo buibui alilolikwaa lilikuwa juu ya nyumba yangu, mkononi mwangu, linachuruzika maji."

Mwalimu Dzoro ni mtu wa Kaloleni, na pale mjini ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Siku zote huwaona wasichana wanapita na mabuibui dirishani, kwa nini azijue siku mbili wanazopita na sare? Hakuutunga uongo wake hivi hivi. Aliutunga kwa kile alichokizoea kukiona.

"Labda... labda lilikuwa sketi," akasema. "Labda alikwaa sketi."

"Andika basi. Alikwaa labda."

Nikatoa simu, nikaiweka juu ya fomu. "Na hizo mara tatu za kunipigia, nionyeshe hapa ziko wapi. Mie naona moja."

Hakuishika. Akainamia meza, akanena kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyelala vibaya siku tano.

"Nyanya, wewe hujui. Mimi pia nimeajiriwa. Mwenye shule nilimwambia habari ya ile ngazi. Nilimwambia! Akasema tungoje likizo."

"Umesema ngazi, Mwalimu," akasema Trizah.

"Kaa kimya."

"Nimekaa kimya siku tano."

Akaondoka kitini, akafungua kabati, akatoa daftari refu la jalada jeusi, daftari la zamu, ambamo mwalimu wa zamu huandika kila siku yaliyotokea. Akalifungua mbele yangu, nikaweka kidole changu nikasoma. Wiki ya kwanza ya muhula: ubao wa ngazi umelegea, naomba fundi. Wiki ya tatu: ubao umefungwa kamba, ni hatari wakati wa mapumziko, naomba fundi. Wiki ya sita: hivyo hivyo. Mara zote tatu chini yake kuna neno moja, "Imeonekana", na sahihi ya mwalimu mkuu.

Halafu Alhamisi. Mwandiko ule ule, wa Mwalimu Trizah. Saa nne na dakika tano, Hanin ameanguka kutoka ngazini, ubao umekatika. Nimeomba apelekwe hospitali. Nimeambiwa ningoje.

Nikamtazama yule msichana. "Na ukangoja."

"Nilingoja," akasema. Machozi yalimtoka lakini hakuyafuta. "Sitajitetea, nyanya. Siku ile nilipewa madarasa mawili na zamu juu yake, lakini nilikuwa na miguu. Ningemtia kwenye tuktuk nikaenda naye. Nilidhani nikishaandika nimemaliza wajibu wangu. Kuandika si kumpeleka."

Kwa maneno hayo nikamfuta kwenye kile nilichomwandikia, nikamwandika upya. Si kwamba hana kosa. Analo, na kalitaja mwenyewe mbele ya bosi wake bila ya kulipunguza.

Mwalimu Dzoro akasema, "Nyanya, tuachie fomu. Rudi nyumbani, nitazungumza na mwenye shule, tutakuita."

"Mie nangoja hapa."

"Inaweza kuchukua muda."

"Hii kofia yanichukua miezi miwili," nikasema, nikaitoa kikapuni. "Wewe andika nyingine. Andika ngazini."

Nikashona. Akatoka kupiga simu, akarudi, akatoka tena. Uzi uliponiishia, Mwalimu Trizah alinitungia sindano bila kuambiwa. Kengele ya saa nne ikalia na watoto wakashuka, ngazi ikanguruma kwa miguu, na kila mguu uliposhuka nikamwona Mwalimu Dzoro anainua kichwa mezani, anahesabu kwa masikio. Mpishi akaniletea kikombe cha uji. Sikumtazama usoni, wala yeye hakunitazama. Adhuhuri ikaingia, nikaswali pembeni ya kabati, nikarudi kwenye kofia yangu.

Saa nane Mwalimu Dzoro akaniwekea karatasi mpya. Nikavaa miwani, nikaweka kidole kwenye neno la kwanza. Safari hii hakuniuliza kama nataka kusomewa. Ilisema mwanafunzi alianguka saa nne na dakika tano asubuhi, ngazini, ndani ya shule, baada ya ubao uliojulikana kuwa mbovu kukatika. Ilisema hakukaidi mtu.

Nikafika mwisho. "Tangu saa nne hadi saa kumi alikuwa wapi?"

"Nyanya..."

"Karatasi yako ina shimo hapa katikati. Daktari aliniuliza saa ya kweli nikakosa cha kumjibu. Lizibe."

Akashika kalamu. Mkono wake ulikuwa mzito kama unapanda mlima. Akaongeza kwa chini: kwamba mwanafunzi aliwekwa ofisini kwa saa sita bila kupelekwa hospitali, na mlezi hakuarifiwa hadi saa kumi na dakika kumi na mbili. Akapiga muhuri kwenye karatasi mbili, moja yao, moja yangu. Nikatia sahihi. Sikutia dole gumba. Niliandika herufi moja moja, Mwanabaraka binti Abdulhadi, na kile kidau cha wino nikakifunika.

Jioni nilimpa Hanin karatasi. Aliisoma kwa pumzi zake mwenyewe, akitua panapotuliwa.

"Hapa wameandika sikukaidi," akasema.

"Hukukaidi."

Akasoma tena pale pale. Halafu akauliza, "Na Mwalimu Trizah? Atafukuzwa?"

Nikamwambia sijui, na kwa kweli sikujua. Alawiya aliichukua ile karatasi ampelekee wakili wake, akaniambia njia bado ni ndefu, na watu wakibanwa hutafuta wa kumtupia mzigo. Lile neno sikulipenda. Lililala nami.

Jumatano mapema nikaenda Makadara na kikapu changu. Nikakaa kwenye baraza ya duka lililo mkabala na shule, nikatoa kofia. Watoto wakaanza kuingia. Mwalimu Dzoro akafika, akaniona, akasita, akanipungia mkono. Nikampungia. Saa moja na nusu, Mwalimu Trizah sijamwona. Saa moja na dakika arubaini, sijamwona bado. Nikawa nadunga sindano mahali pasipo na tobo.

Ndipo akatokea pembeni ya soko, anatembea mbio, mkoba unampiga ubavuni, na daftari jeusi amelikumbatia. Akaingia langoni. Kupitia uwazi wa lango nikamwona anakwenda moja kwa moja hadi chini ya ngazi, anaushika ubao mpya, anautikisa kwa nguvu mara mbili, halafu anasimama pale pale hadi mtoto wa mwisho akapanda.

Mwenye duka akaniuliza, "Bi Mwana, wangoja mtu?"

"Nangoja kengele," nikamwambia.

Kengele ikalia. Nikakunja kofia. Kesho ni Alhamisi, nina buibui la kufua, lakini asubuhi nitapita hapa kwanza.